Kufurahi Majilio Ukiwa na Msiba: Mwongozo wa Juma kwa Juma kwa Wafiwa

Novemba ikikaribia kwisha, kaskazi ikianza kuvuma na hoteli za Malindi zikijiandaa kupokea wageni, maswali yale yale hunifikia. Mama aliyemzika mwanawe anauliza kama ni dhambi kutopamba nyumba. Kijana aliyefiwa na mkewe anataka kujua kama aendelee na kwaya au akae pembeni mwaka huu. Mwingine hana swali, anasema tu: "Kanisani wataimba furaha, mimi nitafanya nini?" Nimeyajibu haya kwa mdomo mara nyingi, kwenye jumuiya na chini ya maturubai ya matanga. Sasa nayaandika ili uyapate hata usiku, saa ambayo huna wa kumwuliza.

Jibu fupi ni hili. Majilio, yale majuma manne kabla ya Krismasi, ni kipindi cha watu walioketi gizani wakimngoja Bwana. Mfiwa hana haja ya kubisha hodi ili aingie humo. Tayari yumo ndani. Unaweza kulia na kufurahi katika saa moja, na Mtume Paulo alijieleza hivyo yeye na wenzake: "kama wenye huzuni, bali siku zote tu wenye furaha" (2 Wakorintho 6:10). Kinachobaki ni kujua la kufanya Jumatatu asubuhi, na hilo ndilo nitakalokueleza.

Mimi ni Mkatoliki, kwa hiyo nitataja Misa na jumuiya. Ukiwa Mwanglikana au wa kanisa jingine, karibu hatua zote zitakufaa vilevile.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Biblia. Ile ile ya nyumbani, hata kama ina jina la marehemu kwenye ukurasa wa mbele.
- Mishumaa minne: mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi. Wa waridi haupatikani kirahisi madukani. Chukua mweupe uufunge utepe wa rangi hiyo. Kama pesa ni ya shida, mshumaa mmoja unatosha kwa majuma yote manne.
- Gilasi au chupa pana yenye mchanga chini, ya kusimamishia mshumaa. Desemba hapa pwani upepo hauna huruma, utauzima kabla hujamaliza Zaburi.
- Daftari na kalamu.
- Mtu mmoja. Dada, jirani, katekista, yeyote asiyeogopa machozi. Mwambie mapema: "Majilio haya nitakuhitaji. Nikikupigia, usinihubirie, njoo tu ukae."
- Dakika kumi jioni. Usijiwekee saa nzima, utashindwa siku ya tatu na uone umeshindwa yote.

Maonyo mawili kabla hatujaendelea. La kwanza: ukilala chini ya makuti, usiwashe mshumaa ndani bila kuufunika, wala usilale ukiwaka. Mfiwa huchoka ghafla na kusinzia pale pale alipokaa. Washia uani, au tumia taa ya sola.

La pili nalisema kwa uchungu, kwa sababu tunaishi karibu na msitu wa Shakahola. Usifunge chakula kipindi hiki kwa kudhani njaa itakuleta karibu na Mungu au na marehemu wako. Mwaka 2023 msitu ule ulifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofundishwa kwamba njaa ni njia ya kumfikia Yesu. Mwili wa mfiwa tayari umedhoofika, usingizi haupo, chakula hakipiti. Kula. Uji asubuhi, mbaazi na mahamri, chochote kinachoshuka. Mtu yeyote, awe na cheo gani kanisani, akikwambia uache chakula ili msiba upungue, ondoka kwake na umwambie mwenzako.

Hatua

1. Anza Jumapili ya kwanza ya Majilio, usingoje Krismasi.

Jumapili hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, kwa hiyo huangukia kati ya 27 Novemba na 3 Desemba. Ukiwa umechelewa, anzia juma ulilopo, usirudi nyuma kufidia. Weka meza ndogo, mshumaa, Biblia na picha ya marehemu ukiweza kuitazama. Usipoweza, iache kabatini. Siku yake itafika.

Kanisani sikiliza kitu kimoja: Jumapili hizi nne hatuimbi "Utukufu kwa Mungu juu". Kanisa zima linauzuia wimbo huo hadi usiku wa Krismasi. Kwa hiyo ukikaa kimya hukiuki chochote, uko pamoja na Kanisa.

2. Juma la kwanza: lalamika kwa Mungu, na ulalamike kwa maneno.

Soma Zaburi 13 kila jioni, kwa sauti. "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Kisha andika kwenye daftari "hata lini" zako mwenyewe. Hata lini nitaandaa sahani yake kwa mazoea? Hata lini mtoto ataniuliza baba anarudi lini? Usizipambe kwa lugha ya sala. Mwishoni taja jina la marehemu, lile mlilomwita nyumbani.

Wengi hukosea hapa: huruka moja kwa moja kwenda Zaburi ya faraja kwa sababu wanaona aibu kumlalamikia Mungu. Usiruke. Zaburi 88 inaanza kwenye shida na inaishia gizani, haina hata mstari wa mwisho wa kutuliza, na bado imo katika Biblia na watu wa Mungu wameisali karne kwa karne. Yesu mwenyewe alijua kwamba atamfufua Lazaro, lakini hata kabla hajafika kaburini "Yesu akalia machozi" (Yohana 11:35).

Paulo aliwaandikia Wathesalonike wasihuzunike kama wengine wasio na matumaini. Watu huusoma mstari huo nusu, wakasikia "usihuzunike." Hakusema hivyo. Alikataza huzuni isiyo na tumaini. Huzuni yenyewe hakuigusa.

3. Juma la pili: amua Krismasi yako mapema na uwaambie watu.

Hatua hii haina utakatifu mwingi machoni, lakini ndiyo inayookoa wengi. Kaa na mwenzako au na familia mjibu maswali haya kwa kalamu: Tutakuwa wapi tarehe 25? Nani atapika, na tutapika nini? Tutakwenda mkesha au Misa ya asubuhi? Watoto watapata nguo? Nani atawaambia ndugu wa bara kwamba mwaka huu hatuji, au kwamba tunakuja siku mbili tu?

Ukiwa na watoto, kitu kidogo cha Krismasi kiwepo, hata kama ni soda na mkate wa sinia. Mtoto akinyimwa kila kitu anaweza kudhani marehemu ameondoka na Krismasi nayo. Waulize wao wenyewe: tumkumbuke baba kwa njia gani? Majibu yao huwa bora kuliko yetu.

Tayarisha pia sentensi mbili tatu za kujibu watu, maana siku yenyewe ulimi huwa mzito. "Asante kwa kunialika, nitakuja nikijisikia, nisipofika usinihesabie." "Mwaka huu siimbi kwaya, lakini nitakaa nyuma yenu." Kuhusu kwaya, maoni yangu ni haya: nenda mazoezini mara moja. Koo likikaba, pumzika mwaka huu bila kuomba radhi. Likifunguka, imba, hata ukiimba unalia.

Onyo la pesa. Gharama za maziko huacha deni, na Desemba inaleta jingine. Usikope ili kuonyesha watu kwamba umeinuka. Wali wa nazi na samaki mmoja ni Krismasi kamili.

4. Jumapili ya tatu: furaha yenyewe.

Hapa ndipo wafiwa wengi hunipigia simu. Jumapili hii Kanisa linaamrisha furaha: padri anaweza kuvaa waridi badala ya zambarau, mshumaa wa waridi unawashwa, na maneno ya siku ni ya Wafilipi 4:4, "Furahini katika Bwana siku zote, tena nasema, Furahini." Ukiwa na kaburi ambalo udongo wake bado ni mbichi, maneno hayo yanaweza kukuchoma.

Basi angalia aliyeyaandika alikuwa wapi. Paulo alikuwa kifungoni, hajui kama atatoka hai. Na mwaka ambao Jumapili tunasoma Injili ya Mathayo, somo la Jumapili hiyo hiyo ni ya Yohana Mbatizaji, naye yuko gerezani, anawatuma wanafunzi wake wakamwulize Yesu: "Wewe ndiwe yule ajaye, au tumtazamie mwingine?" Yohana! Yule aliyemwonyesha kwa kidole mtoni Yordani sasa anauliza kama alikosea. Na siku tunayousoma wasiwasi wake ndiyo siku ya furaha. Yesu hakumkemea. Alimpelekea habari ya yanayotendeka, vipofu wanaona, viwete wanakwenda, kisha akamsifu mbele ya umati kuliko wote waliozaliwa na wanawake.

Kwa hiyo jibu la "nifurahie nini?" lipo mstari mmoja chini ya amri: "Bwana yu karibu." Paulo hakusema mambo yamekuwa mazuri. Alisema Bwana yu karibu, na ukaribu huo unawafikia waliofungwa, walio mahututi na waliofiwa. Furaha ya namna hii inaweza kukaa moyoni na uso wako usionyeshe chochote.

Fanya hivi kwa juma hilo zima:

- Jumapili, washa mshumaa wa waridi. Sema: "Bwana, u karibu. Mimi sikuoni, lakini naamini." Basi. Usijilazimishe kutabasamu.
- Kila jioni andika jambo moja tu ambalo kwa dakika moja lilikuondolea uzito. Embe la kwanza la msimu. Jirani Mwislamu aliyepitisha sahani ya pilau bila kusema neno. Kicheko cha mtoto. Kama siku imepita kavu, andika "hakuna" na uweke tarehe. Hilo nalo ni sala ya kweli.
- Juma likiisha msomee mwenzako ulichoandika.

Makosa mawili hapa. Moja ni kuchukua mstari wa Nehemia, kwamba furaha ya Bwana ni nguvu zetu, na kuufanya kiboko cha kujichapia: "Sina nguvu, kwa hiyo sina imani." Watu walioambiwa maneno hayo walikuwa wakilia wote, na waliambiwa pia waende wakale na wawapelekee wasio na kitu. Kosa la pili ni kutafuta furaha kwa kelele: ngoma, pombe, redio usiku kucha. Huwa inafanya kazi hadi saa tisa usiku.

5. Tenda jambo moja kwa jina la marehemu.

Moja, usifanye saba. Toa nia ya Misa kwa ajili yake, yaani omba Misa isomwe kumwombea. Nenda ofisi ya parokia mapema, maana karibu na Krismasi nia hujaa. Au nenda kafyeke kaburi lake na kulisafisha kabla ya sikukuu. Au ukipika kitu alichokipenda, mpelekee mfiwa mwingine, uketi naye kidogo. "Furahini pamoja nao wafurahio; lieni pamoja nao waliao" (Warumi 12:15), na mara nyingi wanaolia pamoja ndio wanaokuja kucheka pamoja kabla ya wengine.

Ukiwa Malindi mjini, ninapenda kuwapeleka wafiwa kwenye kanisa dogo la Wareno, lile la makuti lililo karibu na bahari na makaburi yake pembeni. Mtakatifu Fransisko Ksaveri alipita hapa mwaka 1542 akienda India. Katika barua aliyoiandika alipofika Goa alisimulia kwamba walimzika hapa mtu wa merikebu yao, na kwamba Waislamu wa mji walipendezwa kuona Wakristo wanavyowaheshimu wafu wao. Sikukuu yake ni tarehe 3 Desemba, ndani ya Majilio. Habari ya kale kabisa tuliyo nayo ya mtakatifu huyu katika mji wetu ni ya maziko, na majirani wa dini nyingine wamesimama wanatazama kwa heshima. Nenda, simama kidogo, mwombee mtu wako.

Na kama huna kaburi? Wapo waliopoteza watu baharini. Zipo familia za Shakahola: miili ya kwanza iliyotambuliwa ilikabidhiwa kwa jamaa Machi 2024, na wengine walibaki wakingoja majibu ya vinasaba. Kwako wewe nasema: chagua mahali. Mti, jiwe, kona ya ua. Mwombe padri au katekista aje asali hapo, ataje jina. Mungu hahitaji cheti cha maabara ili amjue mtu wake.

6. Tarehe 17 hadi 24 Desemba: amka mapema mara moja.

Hadi tarehe 23 Kanisa jioni linamwita Kristo kwa majina ya kale: Hekima, Shina la Yese, Ufunguo wa Daudi, Emanueli. Tarehe 21 linamwita Mawio ya jua, na kumwomba aje awaangazie wakaao gizani na katika uvuli wa mauti. Sisi pwani yetu inatazama mashariki. Asubuhi hiyo nenda ufukweni na mwenzako kabla ya saa kumi na mbili. Usiende peke yako kama usiku ni mbaya kwako. Adhana ya alfajiri itakuwa imeshatoka, wavuvi wanarudi. Kaa hadi jua litoke baharini. Sema sala hiyo moja, kanywe chai.

7. Mkesha na siku yenyewe.

Kaa kiti cha pembeni karibu na mlango, na mwenzako ajue kwamba ukitoka atakufuata. Wimbo wa kwanza ndio mgumu. Ukipita huo, mwingi umepita. Pokea Komunyo ukiweza, kwa maana hapo ndipo sisi na waliotutangulia tunapokutana kwa Bwana mmoja.

Nyumbani, kabla ya kula, mtu mmoja ataje jina la marehemu katika sala ya chakula. Mara moja, kwa sauti ya kawaida. Familia zinazokwepa kulitaja ili "kutoharibu siku" hukaa mezani na ukimya mzito kuliko machozi.

8. Usifunge hesabu tarehe 25.

Majira ya Krismasi yanaendelea hadi Ubatizo wa Bwana, Januari. Tarehe 28 Desemba ni Watoto Mashahidi wa Bethlehemu, na Injili inamtaja Raheli anayewalilia watoto wake, hataki kufarijiwa. Siku tatu tu baada ya malaika kuimba! Kama umefiwa na mtoto, hiyo ndiyo Misa yako. Nenda.

Ukikwama

*Nilicheka, kisha nikajiona msaliti.* Hukumsaliti mtu. Kicheko kilikuja, kiache kije tena. Kiandike kwenye daftari.

*Silii kabisa, nimekauka.* Hutokea, hasa kwa waliouguza muda mrefu. Usijilazimishe. Endelea na hatua, machozi yana saa yake.

*Nimemkasirikia Mungu, siwezi kusali.* Rudi hatua ya pili. Zaburi 13 na 88 ni sala za watu waliokasirika. Ukishindwa hata hizo, mwombe mwenzako azisome nawe ukae tu.

*Ndugu wanasema bado ni mapema kufurahi, matanga hayajatimiza mwaka.* Wasikilize kwa heshima, hasa wazee. Mwambie mzee: "Shikamoo mjomba, sijaanua msiba moyoni. Ninamngoja Bwana tu." Vazi la msiba linaweza kubaki, mshumaa wa waridi haulipingi.

*Niko Lamu, Wakristo ni wachache, hakuna hata wimbo wa Krismasi mtaani.* Kwa mfiwa hiyo inaweza kuwa nafuu. Tafuta watu wawili watatu wa kusali nao Jumapili, na usimfiche jirani yako Mwislamu msiba wako. Watu wa Lamu wanajua kutoa pole.

*Mwenzangu niliyemchagua ananihubiria.* Mshukuru, chagua mwingine.

*Siku zinapita, silali, sili, natamani nami nife.* Acha mwongozo huu kwanza. Mwambie mtu leo, nenda hospitali leo, ukaombe kuonana na mshauri. Laini ya bure ya Msalaba Mwekundu Kenya ni 1199, unaweza kuzungumza nao kwa Kiswahili. Kwenda huko si kukosa imani. Mishumaa itakusubiri.

*Nimeruka majuma mawili.* Washa wa leo.